Je, nikasomee tiba radiolojia hapa Dar?

Swali: Shikamoo, daktari. Mimi ni daktari wa jumla katika hospitali moja ya Temeke, nimemaliza intanishipu si muda mrefu. Napenda radiolojia, hasa tiba radiolojia, ile ya kutibu kwa sindano na waya bila kupasua. Wakubwa wangu kazini wananikatisha tamaa. Wanasema nitasoma miaka mingi, kisha nitakaa na mashine isiyo na vifaa, na kazi zote nzuri zitachukuliwa na madaktari wa moyo na wapasuaji. Mtandaoni naona wenzetu wanatibu magoti, tezi dume, hata damu iliyovilia kichwani. Niambie ukweli: hapa Dar kazi ipo? Ugumu wake hasa uko wapi? Na mimi ni mwanamke, sijazaa bado. Mionzi je?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nenda kasome. Nimelisema mapema ili usisome barua yote hii ukiwa na wasiwasi. Ila nataka uende ukijua kazi hii inabebwa na nini, maana wakubwa wako wamesema kweli kuhusu vifaa lakini wameacha jambo kubwa zaidi. Huduma hii hufa pale daktari anapomwona mgonjwa kwa mara ya kwanza akiwa amekwisha kulazwa mezani, na kuachana naye anaposhushwa.

Chukua mgonjwa ambaye bila shaka umeshakutana naye. Mama wa miaka arobaini na kitu, saratani ya mlango wa kizazi imeshasambaa hadi kwenye kuta za nyonga. Hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini, na wengi hufika Ocean Road, hospitali yetu ya saratani, ikiwa imechelewa. Uvimbe umebana mirija inayoshusha mkojo, mkojo unarudi nyuma, figo zinatanuka, kreatinini, taka ya damu ambayo figo hutakiwa kuitoa, inapanda. Mama anatapika, anaanza kuchanganyikiwa. Kwa figo hizo hawezi kupewa sisiplatini, dawa ya saratani, kwa hiyo matibabu yenyewe ya saratani yanasimama.

Tunamlaza kifudifudi, mto chini ya tumbo. Ultrasaundi inaonyesha figo iliyojaa maji, nyeusi katikati. Tunapiga ganzi, kisha sindano inaingia kwa mshazari kutoka mgongoni, ikilenga kikombe cha chini na cha nyuma cha figo, kwa kuwa upande huo mishipa mikubwa ya damu ni michache. Mkojo ukitoka, unapitisha waya, unapanua njia, unatelezesha mpira wa Frenchi 8, yaani unene usiofika milimita 3, na ncha yake inajikunja ndani ili usichomoke. Mkono uliozoea humaliza mapema sana, na mara nyingi ndani ya siku chache kreatinini inaanza kushuka na mama anaomba uji. Angalia vilivyotumika: ultrasaundi, sindano, waya, vipanuzi, mpira. Mashine ya eksirei ya kuangalia papo kwa papo inasaidia sana, lakini figo ikiwa imetanuka vya kutosha, aliyefundishwa vizuri anaweza kuifikia kwa ultrasaundi peke yake.

Sasa fuatana na mama huyo hadi nyumbani. Mpira ule unatakiwa kubadilishwa takriban kila baada ya miezi mitatu. Mfuko unatakiwa kumwagwa, kidonda kusafishwa, na mtu wa nyumbani afundishwe kutambua mkojo uliokata au uliogeuka usaha. Mpira ukiziba Ijumaa usiku huko Mbagala, binti yake anampigia nani? Kama jibu ni hakuna, basi kazi yako nzuri ya Jumatatu imeharibika, na mara nyingine mgonjwa anarudi na sepsisi, maambukizi yaliyosambaa mwilini, iliyo mbaya kuliko alivyokuja. Hata wodini ni vivyo hivyo. Mpira wa kutoa usaha wa jipu la ini unaachwa bila kusukumwa mililita 10 za saline, maji ya chumvi, kwa sababu hakuna aliyeandika kwenye faili nani asukume na saa ngapi. Unaziba, homa inarudi, na raundi ya asubuhi inasema kwamba tiba ile haikufanya kazi.

Ndiyo maana nakwambia jifunze kuwa na kliniki. Siku moja ya wiki yenye chumba, meza na daftari, uwaone wagonjwa wako kabla na baada. Uwaeleze mwenyewe, uchukue ridhaa mwenyewe, uandike maelekezo ya wodi kwa mkono wako, upite raundi. Mahali pengi radiolojia imezoea kupokea fomu na kutoa ripoti, na mazoea hayo tumeyarithi sisi pia. Fomu inaandikwa «dreneji, tafadhali» na mgonjwa anafuata nyuma ya fomu. Ukikubali kufanya kazi hivyo utakuwa fundi wa kuitwa.

Hili si wazo langu. Charles Dotter, daktari wa radiolojia wa Portland, Marekani, ndiye aliyefungua njia hii. Tarehe 16 Januari 1964 alimtibu bibi wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa unaoza na alikuwa amekataa kukatwa. Dotter alipitisha waya kwenye mshipa wa paja uliokuwa umebana, akaupanua kwa mipira iliyozidiana unene. Mguu ukapata joto, bibi akatembea. Miaka minne baadaye, 1968, Dotter huyo huyo aliwaonya wenzake: wasipobeba jukumu la mgonjwa mzima watakuwa mafundi bomba wa bei ghali, na wengine watakuja kuichukua kazi, kwa sababu mashine kila mtu anaweza kununua na ustadi kila mtu anaweza kujifunza. Ndivyo ilivyotokea. Mishipa ya moyo, tangu Andreas Grüntzig alipoitibu kwa puto Zurich mwaka 1977, ni ya madaktari wa moyo. Mishipa ya miguu sehemu nyingi imekwenda kwa wapasuaji wa mishipa. Walichukua kwa sababu mgonjwa alikuwa wao tangu kliniki.

Kwa hiyo hofu ya wakubwa wako ina msingi, ila hapa kwetu naiona kwa namna nyingine. Huko Marekani wanagombania mgonjwa mmoja. Dar wagonjwa ni wengi kuliko mikono yote iliyopo, na daktari wa moyo wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ana foleni yake tayari. Sijaona sababu ya kugombana. Nenda kwenye vikao vya saratani, kaa na wapasuaji, madaktari wa figo na wa magonjwa ya wanawake, sema wazi nini unaweza na nini huwezi. Mpasuaji akishaona umemwondolea usaha mgonjwa ambaye asingehimili nusukaputi, atakutafuta mwenyewe.

Historia ya huku ni fupi. Mwaka 2018 timu za Chuo Kikuu cha Yale zilianza kuja Muhimbili kwa zamu kufundisha, na mwaka 2019 MUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapo Muhimbili, ikafungua shahada ya uzamili ya fani hii: miaka miwili, baada ya kumaliza MMed, shahada ya ubingwa, ya radiolojia. Kabla ya hapo mgonjwa aliyehitaji tiba hizi alipasuliwa, alisafirishwa nje, au aliachwa. Kilichonivutia katika mpango ule ni kwamba wageni hawakuja kufanya kazi na kuondoka. Waliwafundisha Watanzania kwa kuwasimamia wakiwa wameshika sindano wenyewe, na baadhi ya waliosoma hapo ndio wanaofundisha leo. Anza na mlango huo, uko mjini kwenu. Ukipata nafasi ya kwenda nje miezi michache baadaye, nenda, lakini ujifunzie hapa kwanza, kwa wagonjwa wa hapa na kwa upungufu wa hapa.

Upungufu wenyewe sasa. Watu huzungumzia mashine, kwa sababu mashine inapigwa picha siku ya kuzinduliwa. Kinachotusumbua siku hadi siku ni vitu vidogo vya kutumia mara moja na kutupa: waya, mipira ya maumbo tofauti, vipanuzi, puto, chembechembe za kuzibia mishipa. Kila kimoja kina saizi zake, na saizi isiyo sahihi haina kazi. Unaweza kuwa na kabati limejaa mipira ya Frenchi 14 wakati mgonjwa wa leo ni mtoto. Soko letu ni dogo, mwagizaji hataki kuleta kontena la vitu vitakavyoisha muda kabla havijauzwa, na kifaa ambacho hakimo kwenye orodha ya Bohari ya Dawa kinahitaji utaratibu mrefu wa manunuzi. Misaada kutoka nje inasaidia, lakini mara nyingi inakuja na tarehe ya mwisho iliyokaribia na saizi ambazo hukuziomba. Huduma haiwezi kujengwa juu ya masanduku ya msaada. Hata nchi tajiri zina udhaifu huu: mwaka 2022 kiwanda kimoja cha Shanghai kilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, hospitali nyingi za Marekani zilianza kuahirisha vipimo kwa kukosa kontrasti, dawa inayofanya mishipa ionekane kwenye picha.

Ninavyoona mimi, kituo kinachoanza kichague kazi tano au sita, kiweke orodha fupi ya vifaa vyake, na kihakikishe hivyo haviishi kabisa. Nefrostomi, yaani ule mpira wa figo, majipu, mirija ya nyongo, biopsi, mipira ya kusafishia damu, na kuziba mishipa inayovuja. Mwenye jukumu la kuhesabu stoo kila wiki awe na jina, na jina hilo lisiwe «idara». Na jambo moja silikubali hata kidogo: kuosha na kurudia mpira mwembamba wenye tundu. Damu hubaki ndani, huioni, na mgonjwa wa pili hajui.

Malipo nayo ni ugumu wa kimya kimya. Bima hulipa kwa orodha. Huduma isiyo na jina kwenye orodha inapachikwa jina la huduma nyingine inayofanana nayo, na malipo hayafikii hata gharama ya waya. Au mgonjwa analipa taslimu, na hapo familia inaanza kuchangishana kwenye kundi la WhatsApp wakati nyongo inazidi kupanda. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inafungua mlango, lakini mlango huo utatufaa sisi tukiwa na hesabu zetu mkononi: wagonjwa wangapi, walikaa wodini siku ngapi, wangapi walipata madhara, kifaa kipi kilitumika. Daktari anayeweka rejista safi ana nguvu kubwa kwenye meza ya bajeti kuliko anayelalamika. Jifunze takwimu, mdogo wangu. Utazihitaji kuliko unavyodhani.

Nikueleze kidogo kuhusu uvimbe wa kizazi, faibroidi, kwa kuwa ndio utakaoulizwa zaidi, kanisani, msibani, kwenye daladala. Unapitia mshipa wa paja au wa kifundo cha mkono, unafika kwenye mishipa ya mji wa mimba, unaiziba kwa chembechembe, uvimbe unakosa damu na kusinyaa. Kizazi hakitolewi, na kwa mwanamke wa hapa hilo ni jambo zito kuliko vitabu vinavyosema. Lakini usimuuzie mtu. Utafiti wa FEMME wa Uingereza, uliochapishwa 2020 kwa wanawake 254, ulilinganisha njia hii na upasuaji wa kutoa uvimbe peke yake. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, ila baada ya miaka miwili ubora wa maisha ulikuwa juu kidogo kwa waliopasuliwa: 84.6 dhidi ya 80.0 katika kipimo cha alama 100. Utafiti wa EMMY wa Uholanzi ulionyesha kwamba baada ya miaka kumi karibu theluthi moja ya waliozibwa mishipa walikuja kutolewa kizazi, maana yake wengi waliobaki walikiepuka. Kwa anayetaka kuzaa, ushahidi bado haujatosha kusema njia yetu ni sawa na upasuaji, kwa hiyo huyo mpeleke kwanza kwa daktari wa wanawake. Na mwambie kuhusu usiku wa kwanza: maumivu ni makali. Kama hukupanga dawa za maumivu na muuguzi wa kuzitoa kwa saa, usimzibe.

Saratani ya ini inaniuma zaidi. Homa ya ini B imetuletea wagonjwa vijana, wenye familia changa, na tiba ya kupeleka dawa moja kwa moja kwenye mshipa unaolisha uvimbe ina ushahidi tangu 2002. Tatizo ni kwamba mshipa mkuu wa ini mara nyingi umeshavamiwa wanapofika, au ini lenyewe limechoka, na hapo tiba hiyo inaweza kuua haraka kuliko ugonjwa. Utalazimika kusema hapana mara nyingi. Kupima wenye homa ya ini B kwa ultrasaundi kila miezi sita kungeokoa wengi kuliko mpira wangu wowote, na hiyo ni kazi inayoweza kuanza Temeke kesho.

Usiku ndio unaopima huduma. Mama aliyejifungua anavuja damu saa nane za usiku: tunaweza kuziba mishipa ya mji wa mimba na kumwachia kizazi chake, lakini lazima awepo daktari, muuguzi, mtaalamu wa eksirei, dawa ya usingizi, damu, na umeme usioyumba. Wachache tulionao hawawezi kuwa zamu kila usiku wa mwaka bila kuvunjika. Hapa sina njia ya mkato ya kukupa. Tunahitaji watu zaidi, ndiyo maana naandika barua ndefu kwa mtu mmoja.

Kuhusu unayoyaona mtandaoni: mengi ni ya kweli. Kuziba mshipa wa utando wa ubongo kwa damu sugu iliyovilia kulipata ushahidi mzito 2024. Katika utafiti wa EMBOLISE, kwa waliofanyiwa upasuaji pekee, damu ilirudi au kuendelea kiasi cha kuhitaji upasuaji tena kwa asilimia 11.3, na ilipoongezwa tiba hii ilikuwa asilimia 4.1. Kuziba mishipa ya tezi dume kuna manufaa kwa wazee wasiofaa kupasuliwa. Goti bado, ushahidi haujakomaa. Mashine ya kuvunja uvimbe wa ini kwa mawimbi ya sauti iliruhusiwa Marekani 2023, na kwa sasa si kazi yetu. Kama ungeniuliza fedha kidogo iliyopo iende wapi, ningeipeleka kwenye fistula za wagonjwa wa kusafisha damu, yaani mishipa ya mkono iliyounganishwa ili kupitishia dayalisisi. Vituo vya dayalisisi vimeongezeka, na pamoja navyo wagonjwa ambao mishipa ya shingo imeziba kwa mipira iliyokaa muda mrefu, uso na mkono vimevimba. Puto moja kwa wakati unaofaa linamrudishia mtu njia yake ya kuishi. Hakuna anayeliwekea video.

Mionzi. Swali lako ni la haki na usikubali mtu alicheke. Aproni ya madini ya risasi ya milimita 0.5 huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi inayotawanyika kutoka kwa mgonjwa, na dozi inayofika tumboni mwa anayejilinda vizuri huwa ndogo sana. Wanawake wengi duniani wamefanya kazi hii wakiwa wajawazito na wakajifungua salama. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni kwamba ukishatangaza ujauzito, mtoto asipokee zaidi ya milisiverti 1 (kizio cha dozi ya mionzi) kwa muda uliobaki. Hapo utavaa kipima mionzi cha pili kiunoni, ndani ya aproni, na usomaji wake uangaliwe kila mwezi. Kikomo cha jicho ni milisiverti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, kwa hiyo miwani ya risasi si pambo. Sisitiza mambo mawili kila uendako: kipima mionzi kinavaliwa kweli, hakiachwi droo, na aproni zinakaguliwa kama hazijapasuka ndani. Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo msimamizi, na una haki ya kuona dozi zako. Kinachowaumiza wengi wetu baada ya miaka ni mgongo, kwa uzito wa aproni. Chagua ya vipande viwili inayogawa uzito kati ya mabega na nyonga, na fanya mazoezi ukiwa bado kijana.

Kabla hujajaza fomu za maombi, shika ultrasaundi ya hapo kazini. Anza na kutoa maji ya tumbo na ya mapafu ukiona ncha ya sindano kwenye skrini, si kwa kubahatisha, mpaka mkono wa kushoto na wa kulia izoee kuelewana. Omba kuja kukaa nasi siku za kliniki kabla ya kuomba kuja chumba cha mashine. Na ukimpata mgonjwa kama yule mama wa figo, usisubiri ahamie kitanda cha tatu. Mlete na kreatinini, potasiamu, INR, kipimo cha kuganda kwa damu, na chembe sahani za leo. Kwa nefrostomi chembe sahani ziwe zaidi ya 50,000 na INR isizidi 1.8. Kama potasiamu iko juu, anza kuishusha hapo hapo kabla gari halijaondoka. Andika dawa za kuyeyusha damu anazotumia na saa aliyomeza mara ya mwisho, na juu ya fomu weka namba yako ya simu na ya binti yake.